SOMO: Tai wa Kishungi na Panya wa Shamba

Somo letu la mara hii linahusu ndege. Tunajua wengine mtauliza: jarida la maendeleo linatafuta nini kwa ndege, na bei ya mbolea iko vile iko? Ngojeni kidogo. Ndege huyu anaingia shambani mwenu bila kuitwa, anafanya kazi bila mshahara, na malipo yake mara nyingi ni jiwe la manati. Tukizungumza na vikundi vya wakulima, neno tunalosikia kila mara ni hili: "Huyo ndiye anayemaliza vifaranga vyetu." Basi tumeona vizuri tumwangalie huyu mshtakiwa, tujue anakula nini hasa, ndiyo tuhukumu.

Jinsi ya kumtambua

Ukitembea asubuhi sehemu za Kisii, Nandi, Kakamega, Nyeri au Meru, inua macho uangalie juu ya nguzo za stima, au kilele cha mti uliokauka kando ya mto. Hapo utamwona ndege wa rangi ya kahawia iliyokolea mpaka karibu nyeusi, amekaa wima kama askari. Alama yake kubwa iko kichwani: manyoya marefu, membamba, yamesimama juu kama shada. Upepo ukivuma yanapepea huku na huku. Macho yake ni ya manjano. Miguu imefunikwa na manyoya meupe au ya rangi ya maziwa mpaka chini, utadhani amevaa soksi ndefu. Akiruka utaona doa jeupe karibu na ncha ya kila bawa, na mkia una mistari.

Si ndege mkubwa sana. Urefu wake ni kama sentimita 53 hadi 58, na uzito ni kati ya kilo moja na kilo moja na nusu hivi. Jike ni mzito kuliko dume, kama ilivyo kwa ndege wengi wa jamii hii. Ukishika jogoo mzuri wa kienyeji mkononi, umeshika mnyama mzito kumliko. Hilo mlikumbuke, maana tutalirudia.

Kwa Kiswahili tunamwita hapa tai wa kishungi. Jina "tai" lina shida yake, kwa sababu watu wengi wakisema tai wanawaza yule mwenye shingo tupu anayekula mizoga, ambaye kwa haki ni tumbusi. Wengine huita kila ndege mwenye kucha "mwewe", na mambo yanaishia hapo. Lugha zetu za mama mara nyingi ni makini zaidi. Wazee wanajua jina la kila mmoja. Kabla ya kuendelea na somo, kikundi kingefanya vizuri kumwuliza mzee mmoja ayataje majina hayo na kueleza tofauti. Watoto wa siku hizi hawayajui.

Anaishi wapi, na anakula nini

Huyu si ndege wa katikati ya msitu mnene. Anapenda ukingo wa msitu, mahali miti inapokutana na nyasi: kando ya mito, karibu na vinamasi, kwenye malisho yenye unyevu, penye mashamba ya chai na nepia. Anahitaji mti mrefu wa kukaa na nyasi wazi za kuangalia chini yake. Ndiyo maana aliweza kuvumilia watu walipokata msitu wakalima. Hata mikaratusi, ambayo ndege wengi hawaitaki, yeye huitumia na hata kujenga kiota humo.

Namna yake ya kuwinda ni ya subira. Hakimbizani na kitu. Anakaa juu ya nguzo, pengine nusu saa, pengine zaidi, akigeuza kichwa polepole. Akiona nyasi zinatikisika, anajiachilia, anateleza hewani bila kupiga mabawa sana, na kumwangukia panya. Panya mdogo humezwa mzima. Asubuhi na jioni ndizo saa zake za kazi. Jua likiwa kali utamwona amejipumzisha kivulini au anazunguka juu sana akipiga kelele yake nyembamba ndefu.

Wataalamu waliochunguza chakula chake katika nchi mbalimbali za Afrika wamekuta jambo moja: karibu chakula chake chote ni panya. Hasa ni wale panya wa mchana, yaani panya wa nyasi, panya wenye mistari mgongoni, na wale wanene wenye masikio mafupi wanaopita katika vijia vyao kwenye nyasi za kinamasi. Mara chache hula pia mjusi, nyoka mdogo, chura, fuko-pua, wadudu wakubwa na ndege wadogo. La kushangaza ni kwamba huonekana hata akila matunda, kama forosadi na tini za mwitu. Hatusemi kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa kifaranga. Kifaranga kikipita mbele ya mwenye njaa, nani ajuaye? Lakini yule anayesema ndege huyu anaishi kwa kuku anamsingizia. Kuku mzima hawezi kumbeba.

Kama huamini, fanya uchunguzi mwenyewe. Ndege hawa hawawezi kusaga manyoya na meno ya panya tumboni, kwa hivyo huyatapika kama kidonge kikavu cha rangi ya kijivu. Tafuta chini ya nguzo au mti anaopenda kukaa. Okota vidonge hivyo kwa kijiti au karatasi, si kwa mkono mtupu, uviloweke kwa maji ya moto yenye sabuni, kisha uvichambue. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuifanya kazi hii na darasa lote asubuhi moja, bora watoto wanawe mikono vizuri baadaye. Watahesabu meno. Meno yale ya mbele, marefu, ya manjano, ni ya panya. Wakikuta manyoya ya kuku, watuandikie.

Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 39, Mungu anamwuliza Ayubu kama ni yeye aliyewafundisha ndege hawa kupaa na kujenga mahali pa juu. Ayubu hana jibu. Sisi nasi tumezoea kutoa jibu haraka kabla ya kuangalia.

Mwizi wa vifaranga ni nani basi?

Vifaranga vinapotea kweli, hatukatai. Mama aliyekuwa na vifaranga kumi na wawili Jumatatu, Ijumaa wamebaki wanne, huyo hasemi uongo. Lakini kuna wageni wengine.

Wa kwanza ni mwewe mwenyewe. Yeye ni wa kahawia, mdomo wa manjano, hana kishungi, na mkia wake una panda kama mkia wa samaki. Anazunguka juu ya masoko, machinjio na majaa ya takataka, akishuka ghafla. Huyo ndiye bingwa wa kunyakua kifaranga au mandazi mkononi mwa mtoto. Wa pili ni kipanga wa miti, ambaye hakai wazi juu ya nguzo. Anajificha ndani ya matawi, anatoka kama mshale na kupotea. Wengi hupigwa naye bila kumwona kabisa, halafu wakiinua macho wanamwona tai wa kishungi amekaa juu ya nguzo, mchana kweupe, na lawama inaanguka pale. Tena msisahau kicheche, nguchiro, paka wa jirani, na mvua ya baridi.

Wa tatu ni ndugu mkubwa wa huyu wetu, yule tai wa msituni mwenye taji. Yeye pia ana kishungi, lakini kifupi na kipana, akikisimamisha kinakuwa kama taji. Kifua chake kina madoa na mistari myeusi na myeupe, na jike anaweza kupita kilo nne. Yuko katika misitu kama Kakamega, Aberdare, Mlima Kenya, Shimba Hills na Arabuko-Sokoke. Anakamata kima, pelele na paa wadogo, na ukucha wake wa nyuma una nguvu ya kuua mara moja. Huyo, pale msitu unapopakana na nyumba, anaweza siku moja kubeba mwana-mbuzi. Hatuwezi kumtetea kwa kusema uongo. Ila mjue kwamba huzaa polepole sana. Hutaga yai moja au mawili, kinda mmoja tu ndiye huishi kwa maana mkubwa humuua mdogo, na wazazi humlisha huyo mmoja miezi mingi hata baada ya kuweza kuruka. Kwa hiyo jozi nyingi hupata mtoto mmoja kila miaka miwili. Ukimpiga mmoja, pengo lake halizibwi upesi. Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo hapa Kenya na ambaye alikufa mwaka 1980, aliwachunguza tai hawa kwa miaka mingi karibu na Nairobi, na mengi tunayojua juu ya kuzaa kwao yalianza na subira yake chini ya kiota. Tunafurahi kwamba alikuwa mtu wa kilimo.

Hesabu ya panya

Turudi kwa tai wa kishungi. Naye hataharakisha. Jozi hujenga kiota cha vijiti kwenye mti karibu na ukingo wa msitu au mto, na kutandika majani mabichi ndani. Jike hutaga yai moja au mawili, na huyaatamia kama siku 42, huku dume akileta chakula. Makinda hukaa kiotani kama wiki nane, na wakitoka wanaendelea kulishwa miezi miwili au mitatu. Fikiria chakula kinachohitajika: watu wazima wawili na makinda, kila siku, na karibu chote ni panya kutoka katika nyasi zilizo jirani na shamba lako.

Sasa mwangalie panya. Yule panya wa shambani mwenye matiti mengi, anayejulikana sana Afrika Mashariki, hubeba mimba siku 23 tu na huzaa kumi au kumi na wawili kwa mara moja, pengine zaidi. Katika muda ambao tai anatoa kinda mmoja kutoka yai mpaka kuruka, panya jike mmoja anaweza kuzaa mara tatu, na wale wa kwanza nao wanakaribia kuanza. Hakuna tai atakayewamaliza panya hawa peke yake. Tena huyu hutembea zaidi usiku, na wa kumshika ni bundi, ambaye naye tunamfukuza kwa sababu ati analeta kifo. Tai ana zamu ya mchana, bundi ana zamu ya usiku. Kazi yao ni kupunguza mbegu ya panya kabla haijafika ghalani, hasa miezi ile kabla ya mavuno. Ukiwaondoa wote wawili, zamu zote unazifanya wewe mwenyewe.

Na tunawaondoa. Mwaka 2022 wachunguzi walichapisha matokeo ya kuhesabu ndege wa kuwinda kando ya barabara za Kenya. Walilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na zile za tangu mwaka 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 walizofuatilia, 19 zilikuwa zimepungua. Tai wa kishungi alikuwa katika kundi la walioumia zaidi. Kuonekana kwake kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Ndege ambaye baba zetu walikutana naye mara kumi njiani, sisi twakutana naye mara moja. Katika mbuga na hifadhi hali ilikuwa afadhali kidogo, lakini huyu si ndege wa mbuga. Makao yake ni kwetu.

Sababu ni nyingi zikiungana: vinamasi vilivyokaushwa, nyasi zilizokwisha kwa malisho, miti mikubwa iliyokatwa, nyaya za stima zinazowachoma wanapotua vibaya, manati za watoto, na sumu. Hiyo ya mwisho tuikalie zaidi, maana inatugusa hata sisi.

Sumu inavyotembea

Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani hufanya kazi kwa kuzuia damu isigande. Panya akila leo hafi leo. Anaendelea kuzunguka siku tatu, nne, hata wiki, akirudi kula tena, huku damu inavuja ndani polepole. Siku za mwisho analegea. Anatoka nje mchana, haoni vizuri, hakimbii. Kwa tai aliyeketi juu ya nguzo, au paka wako, au mbwa, huyo ndiye panya rahisi kuliko wote. Sumu inabaki katika ini la panya na kuhamia katika ini la aliyemla. Panya mmoja pengine hatamuua tai. Lakini akila wengi, sumu inajikusanya na inaweza kumuua. Kwa hivyo mkulima anayemwaga sumu ovyo anaua kwanza wale waliokuwa wanamsaidia, na panya wachache waliopona wanazaa bila adui.

Mbaya zaidi ni wale wanaopaka dawa ya wadudu kwenye nyama ili kumtega fisi, mbwa au mwewe. Dawa moja ya namna hiyo, kabofurani, iliua simba na tumbusi wengi nchini mpaka mtengenezaji wake mkubwa akaiondoa katika maduka ya Kenya mwaka 2009. Kule Bunyala watu waliitumia kuulia ndege wa majini katika mashamba ya mpunga, na ndege hao waliuzwa na kuliwa. Tafakarini hilo: sumu ikaingia sufuriani, mbele ya watoto. Nyama iliyotiwa dawa haichagui nani aile.

Tufanye nini shambani

Panya lazima apigwe vita, hatusemi mkae mkimtazama. Anza na ghala. Sakafu ya ghala iwe juu ya ardhi kama mita moja, na kila mguu uvalishwe koni ya bati laini iliyoinama chini, panya asiweze kuipita. Ghala yenye miguu mizuri lakini ngazi imeachwa imeegemea usiku kucha ni sawa na nyumba ya kufuli bila ukuta. Fyeka vichaka na magugu yote karibu na ghala, na usirundike mabua hapo. Ndani ya nyumba tumia mitego ya kawaida, na ndoo iliyozikwa mpaka mdomo, yenye maji nusu, imewasaidia wengi. Ila ifunike mchana watoto wasije wakatumbukia. Paka mmoja mwindaji si mzigo. Kama ni lazima utumie sumu, iweke ndani ya ghala tu, katika kisanduku chenye tundu dogo, na kila asubuhi okota panya waliokufa uwazike kwa kina.

Kwa shamba, jaribuni hili ambalo halina gharama. Kata fito imara, unene wa mkono, urefu wa mita tatu hivi, na juu yake pigilia kipande cha mti kilale kama msalaba. Simamisha chache katika nepia, kando ya mahindi na karibu na mfereji, mbali na banda la kuku. Mchana atatua tai, usiku atatua bundi. Chini ya fito mtaanza kuona vile vidonge tulivyovitaja. Mti mrefu uliokauka kando ya mto pia uuache usimame kama hauko karibu na nyumba. Kuni za mti ule ni za wiki mbili. Na mti wenye kiota usikatwe wakati makinda wamo.

Vifaranga navyo vilindwe. Wiki nane za kwanza ndizo za hatari. Vifungie mchana ndani ya tenga kubwa au kizimba cha wavu chenye kivuli, na chakula na maji humo humo, kisha uviachie vikishapata manyoya na mbio. Mama atakayefanya hivyo ataokoa vifaranga mbele ya mwewe, kipanga, kicheche na paka kwa pamoja, bila kurusha jiwe moja. Kazi ya kusuka tenga ni ya siku moja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Katika kijiji chetu, ni nani aliyemwona kwa macho yake ndege akichukua kifaranga mwezi huu? Mkia wake ulikuwaje? Alikuwa na kishungi?

Wazee waseme: tai wa kishungi walikuwa wangapi kando ya mto wetu zamani, na leo tunaona wangapi?

Ni nani kati yetu ananunua sumu ya panya, anaiweka wapi, na panya wakifa anawapeleka wapi?

Fito za kutua ndege zinaweza kusimamishwa katika shamba la nani kwanza, kabla ya mahindi kukomaa? Kikundi kichague shamba moja, na mtu mmoja wa kuandika anachokiona hapo kila asubuhi kwa mwezi mzima.